Mama mkubwa hanawi mikono akitoka chooni, nimwambieje bila kumuumiza?

Anti shikamoo. Nisamehe barua itakuwa ndefu na pengine haina mpangilio, naandika mtoto kalala na sijui ataamka saa ngapi.

Mi ni mama wa watoto wawili, wa kwanza ana miaka sita na huyu mdogo ana miezi saba. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka tisa, aliyenichukua ni dada yake, yani mama mkubwa, mi namwita mama tu na watu wengi hata hawajui kama sio yeye aliyenizaa. Alinilea pamoja na wanae watatu na haikuwahi kutokea siku nikaonyeshwa kwamba mi ni wa kuja, nguo zikinunuliwa zinanunuliwa nne, kazi zikigawiwa zinagawiwa nne. Nilipojifungua huyu wa pili kwa upasuaji nikamuomba aje anisaidie, akasema atakaa mwezi mmoja, sasa ni mwezi wa saba na wala sitaki aondoke maana bila yeye nisingeweza kurudi kazini. Anaosha mtoto, anafua nguo zake zote na nepi kwa mkono maana haziamini mashine, anapika, nikirudi nakuta nyumba inang'aa.

Sasa ishu ni hii, hanawi mikono akitoka chooni.

Naona hata aibu kuandika. Mwanzoni nilidhani nimesikia vibaya. Choo anachotumia yeye kimepakana na chumba chetu (sisi na mkubwa tunatumia cha ndani), kila kitu kinasikika, nasikia maji yanavutwa afu nasikia mlango. Koki haifunguliwi. Nikajiambia labda ananawia jikoni, nikaanza kumfuatilia kama askari, usinicheke, akitoka anashika ukuta pale koridoni taratibu, anapita moja kwa moja jikoni, anafunua sufuria anaonja kwa kidole, au anambeba mtoto anampa kidole atafune maana meno yanamsumbua. Sabuni ya kipande niliyoweka pale chooni siku aliyofika mpaka leo ina maandishi yake.

Mume wangu aligundua kabla yangu, kumbe. Kama mwezi wa pili hivi akaanza kurudi kashiba, kala kazini, mi nikadhani labda ana mambo yake nje huko, tukagombana vizuri tu, mpaka siku moja kwa hasira akanitolea, mama yako ni mchafu, mi siwezi kula mikono ile. Nililia Anti, na kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na la kumjibu. Afu akaja wifi yangu kutusalimia, naye ni mtu wa kuona vitu, chakula kilipotengwa akasema tumbo halijakaa sawa. Tumbo lilikuwa sawa asubuhi yote.

Na mtoto kashaharisha mara mbili. Ya pili tulilazwa siku mbili. Nesi akaniuliza nani anamlisha na kumshika muda mwingi, nikasema mimi. Nilidanganya, sikutaka kusikia jina la mama likitajwa kwenye jambo kama lile.

Kinachonichanganya ni kwamba huyuhuyu ndiye alikuwa anatupanga mstari tukitoka kucheza anatukagua kucha mmoja mmoja, ukinawa kwa maji matupu ukajifanya umemaliza ananusa viganja, harufu ya sabuni isiposikika unarudi ukanawe tena. Mtu wa hivyo namwambiaje "mama nawa mikono"? Si atauliza nimeanza lini kumfundisha?

Nimejaribu kwa njia za pembeni. Niliweka sanitaiza mezani, akatumia mara moja akasema inaunguza, hajaigusa tena. Nikabandika karatasi chooni kwake, "tafadhali nawa mikono kwa sabuni", na kauwa kadogo pembeni ili isionekane kali. Hakusema kitu. Ila siku mbili zile alikula baada yetu peke yake, nikaibandua usiku. Mkubwa wangu naye siku moja mezani akaropoka, bibi hujanawa wewe, nikamfinya chini ya meza, bibi akacheka akasema nimenawa bwana. Hakuwa amenawa. Wanapendana sana hawa wawili, chupa yoyote ndani humu bibi anampa yeye amfungulie mfuniko, bibi anajifanya hana nguvu na yeye anajiona baunsa.

Mume anasema nimtafutie sababu arudi kwake. Mi natamani nimwambie binti yake mkubwa ndio aongee nae, ni damu yake labda haitauma sana. Au nikae kimya nimuoshee tu vyombo na kumuombea? Sitaki aondoke, na sitaki mwanangu alazwe tena. Nimwambieje?

Mtoto wa Dada Yake

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nikawa na jibu tayari mkononi, lile ambalo kila mtu angekupa, mkalishe chini, mpe heshima yake, mwambie kwa upole na kadhalika. Mara ya pili kuna kitu kikanikwaza. Mara ya tatu nikachukua kalamu nikapigia mstari vitu vinne ulivyovitupia njiani kama havina kazi: anatembea ameshika ukuta, sanitaiza inamuunguza, mifuniko anafunguliwa na mtoto wa miaka sita, na huyu ndiye aliyekuwa ananusa viganja vyenu.

Mtu aliyenusa viganja vya watoto wanne miaka yote ile hajasahau sabuni ni nini, na wala hana haja ya kufundishwa na wewe, na mi wala nisingejaribu. Kati yake na ile koki kuna kitu kimeingia. Wewe umekaa miezi saba unamsikiliza ukutani, hujaingia mle ndani kuangalia.

Kwahiyo kazi yako ya kwanza iko chooni. Chagua muda ambao mama hayupo, ingia, funga mlango. Kunja vidole nusu, kama mtu aliyeshika mpira mdogo, usivinyooshe, afu jaribu kufungua ile koki hivyohivyo. Kama ni ya kuzungusha, na imekaa miezi bila kuzungushwa, nadhani utapata jibu la haraka. Kisha shika kile kipande cha sabuni kikiwa kimelowa uone kinavyoteleza. Angalia taa. Angalia kama kuna kitu cha kujishikiza mtu akiinama kwenye sinki, maana umesema anatembea na ukuta, na anayehitaji mkono mmoja wa kushika ukuta anabaki na mmoja wa kunawa, na mkono mmoja haujioshi.

Hayo ni ya viungo. Baridi yabisi na maumivu ya vidole yanawapata wengi umri ukienda, na wengi wao hawasemi, wanageuza mchezo. Ule mchezo wa bibi hana nguvu, hivi umewahi kujiuliza kama ni mchezo?

Ila mi kinachonikaa zaidi ni ngozi. Umeandika mwenyewe, nepi anafua kwa mkono, nguo za mtoto zote kwa mkono, nyumba inang'aa, miezi saba. Sabuni za kufulia na maji ya kila saa vinaondoa yale mafuta ya asili yanayolinda ngozi, ngozi inakauka, inapasuka nyufa ndogondogo ambazo pengine hata huzioni ukiwa mbali, afu weka spiriti ya sanitaiza juu ya ufa, mbona utaruka. Alikwambia inaunguza, we ukasikia visingizio. Sijamuona, siwezi kumpima kwa barua, lakini kama ni hivyo basi huyo unayemuona hanawi ndiye aliyeshika maji na sabuni kuliko nyote humo ndani, na aliyemchubua ni kazi ya mwanao. Akipata nafasi ya kuruka sabuni moja, anairuka. Anairuka mahali pabaya kweli, sikatai.

La mwisho la kuangalia ni kumbukumbu. Ile "nimenawa bwana", je alikuwa anaficha aibu mbele ya mjukuu au aliamini kabisa kwamba kanawa? Kama ni aibu, ni jambo la kibinadamu. Kama anaamini, angalia na mengine, anarudia swali lilelile baada ya dakika kumi? anasahau jiko limewaka? anapotea siku za wiki? kaacha kuoga au kubadili nguo, mambo ambayo zamani hakuacha? Ukiona hivyo usibaki na mimi, mpeleke kwa daktari, maana mtu wa aina hiyo hata umwambie kwa maneno ya asali kesho asubuhi unaanza upya. Kwa ulivyomueleza lakini, anayeendesha nyumba nzima na mtoto mchanga bila kupoteza kitu, sioni sana hilo.

Na inawezekana pia hakuna lolote kati ya haya, kaacha tu, watu wanaacha mazoea. Basi mtaongea. Lakini usianze na hapo.

Sasa mtoto. Hapa sitakubembeleza, kusubiri umeshasubiri vya kutosha. Kunawa mikono kwa sabuni kunapunguza kuharisha kwa karibu asilimia 30, ni jambo lililopimwa na kurudiwa kupimwa, na mtoto wa miezi saba ndio yuko kwenye umri ambao kuharisha kunamkausha maji haraka. Hatujui kama zile mara mbili zilitoka kwa mama. Mtoto wa umri huo analamba sakafu, analamba midoli, analamba kaka yake anayetoka shule, kwahiyo usimtundikie mama kesi ambayo huna ushahidi nayo, na mume wako asimtundikie pia. Ila hatari ipo na haihitaji uchafu wa kuonekana. Virusi vya noro kwa mfano, vile vya kutapisha na kuharisha, vinatosha vichache mno kumuangusha mtu, na mtu anaweza kuendelea kuvitoa kwenye choo siku kadhaa baada ya kupona anajiona mzima kabisa.

Hiyo ya kujiona mzima inanikumbusha mpishi mmoja wa New York, Mary Mallon, mhamiaji kutoka Ayalandi. Alikuwa anapikia familia za watu wenye uwezo, akihama nyumba nyuma yake watu wanabaki na taifodi, yeye haumwi wala hajawahi kujisikia kuumwa. Mwaka 1907 akaja mtaalamu mmoja, George Soper, ambaye alikuwa kafuatilia nyumba moja baada ya nyingine mpaka akamfikia, akamkuta jikoni kazini kwake, akamwambia moja kwa moja kwamba anasambaza ugonjwa na kwamba anataka mkojo wake, kinyesi chake na damu yake. Mary akachukua uma mkubwa wa kukatia nyama akamfukuza nao. Soper mwenyewe ndiye aliyesimulia, tena naona hakujificha kwamba alikimbia. Mary akaja kukamatwa kwa nguvu, akatengwa kisiwani, mwaka 1910 akaachiwa kwa ahadi kwamba hatapika tena, mwaka 1915 wakamkuta anapika hospitali ya wazazi kwa jina la bandia, watu 25 wameshaugua pale na wawili wamekufa. Akarudishwa kisiwani mpaka alipofariki mwaka 1938. Kwenye habari ya vijidudu Soper alikuwa sahihi kabisa. Kwenye kuingia jikoni kwa mtu na kumwambia nipe kinyesi chako, hapo hakuwa na akili hata kidogo, na yule mama hakumuamini yeye wala wenzie maisha yake yote yaliyobaki.

Ile karatasi yako yenye kauwa ilikuwa ni Soper. Umesema mwenyewe choo kile anatumia yeye peke yake. Sasa tangazo kwenye choo cha mtu mmoja ni tangazo? Ile ni barua, na haikuwa na hata jina la aliyeandika. Alielewa, ndio maana akala peke yake siku mbili, alikuwa anajitenga na vyombo vyenu. Mwanangu, hapo umemuumiza tayari, kwahiyo swali la "nimwambie vipi bila kumuumiza" limepita kidogo, sasa hivi una la kurekebisha.

(Sikucheki wala sikuhukumu. Mi mwenyewe niliwahi kupewa mkono na mjomba wangu, nikageuka pembeni nikajipaka sanitaiza nikidhani haoni. Aliona. Miaka minne alikuwa ananisalimia kwa kunipungia mkono akiwa mbali, kila sherehe, mbele za watu, anapunga kama mtu anayeaga meli.)

Fanya hivi. Leo au kesho badilisha mambo kwenye vyoo vyote viwili, sio kimoja, na usitoe hotuba yoyote. Toa kipande cha sabuni weka sabuni ya maji ya kubonyeza, isiyo na harufu kali, ile ambayo hata kiwiko kinaweza kubonyeza. Koki ya kuzungusha ikiwezekana ibadilishwe iwe ya kusukuma kwa mkono mzima, fundi hamalizi hata saa. Isipowezekana weka ndoo yenye bomba la kubonyeza juu ya kitu imara, urefu wa kiuno asiiname. Weka chuma cha kujishikiza. Taa yenye mwanga. Taulo dogo kavu linalobadilishwa kila siku, kwasababu mikono iliyolowa inabeba na kugawa vijidudu kirahisi kuliko iliyokauka, watu wananawa vizuri afu wanaharibu hapo. Na pembeni ya sabuni weka mafuta ya kupaka yasiyo na manukato.

Sanitaiza itoe mezani. Kwanza inamuumiza, pili kwa mambo ya chooni sio ya kutegemea, ile yenye spiriti asilimia 60 na kuendelea inafanya kazi kwa vijidudu vingi lakini virusi vya noro haiviwezi vizuri, na mkono wenye uchafu wa kuonekana nao unaishinda. Sabuni ndio inang'oa, maji yanaondoka navyo. Wala maji hayana haja ya kuwa ya moto, ya baridi yanafanya kazi ileile na kwa ngozi iliyopasuka ya moto ni adui. Sekunde 20 za kusugua, na msisahau ncha za vidole, chini ya kucha na kidole gumba, kile ndio huwa kinarukwa na kila mtu, mimi nikiwemo.

Halafu nepi. Zichukue wewe na mume wako, au mzoee mashine, au mnunulie glavu za kufulia zenye kitambaa laini ndani. Usimwambie "mama pumzika", atakataa. Fua tu kabla hajaamka.

Baada ya hapo ndio unaenda kwake. Wewe peke yako, mtoto amelala, mume hayupo. Binti yake usimtume kabisa, ukimtuma, mama atajua kitu kimoja tu, kwamba mmekaa watu wawili mkamjadili. Usianze na choo. Anza na mikono yake. Kaa karibu, mwambie mama hebu nione mikono yako, nashika yangu imekauka, yako ikoje? Ichukue uiangalie kwa macho yako. Ukikuta nyufa, mpake mafuta, taratibu, kidole kimoja kimoja, na ukifika kwenye viungo uliza, hapa panauma? Afu nyamaza. Huyu ni mama aliyelea wanne, akianza kusema atasema mwenyewe, na kuna uwezekano mkubwa la koki au la kuungua litatoka kinywani kwake kabla ya kwako.

Lisipotoka, liseme. Mi ningelisema hivi, we liweke kwa sauti yako: "Mama, ile karatasi niliibandika mimi na nilikosea, ningekuja kukwambia kama navyokwambia sasa. Nilikuwa nasikia koki haifunguliwi nikaogopa kukuuliza. Tangu mtoto alazwe nina hofu, kwahiyo hapa ndani kuanzia sasa yeyote ananawa kwa sabuni akitoka chooni, akimbadili mtoto, kabla ya kumshika na kabla ya kushika chakula, mimi, baba yao, wewe na mkubwa. Nimebadilisha sabuni isikuunguze. Ikikuunguza niambie nitafute nyingine." Basi. Usiongeze hadithi ya wifi. Usitaje kwamba mume halagi nyumbani, hilo ukilitaja hata kwa bahati mbaya hatapika tena nyumba hiyo na hatakaa wiki.

Anaweza kununa. Mwache anune siku zake mbili tatu, mletee chai, usiombe radhi kwa lile ombi la kunawa, iombe kwa ile karatasi tu. Hivi ni vitu viwili tofauti na akikuona unavichanganya atajua sheria inaweza kurudishwa nyuma. Kuhusu mtoto usilegeze hata siku moja, asiyenawa hambebi, na wa kwanza kuonekana akitii awe mume wako akitoka kazini na mkoba wake bado begani.

Maana huyo nae nina neno nae. Kagundua mwezi wa pili, akaamua kula nje, akakaa kimya mpaka siku ya hasira. Alijiokoa yeye akamwacha mtoto na kile kidole mdomoni. Halafu leo ndio anayesema mama arudishwe. Mwambie afue nepi wiki mbili afu atazame mikono yake ndio aje na hiyo hoja.

Madogo ya haraka: mpe mtoto kitu safi cha kutafuna badala ya kidole cha mtu yeyote, hata chako. Weka kijiko cha kuonjea jikoni, kionekane. Ukienda kliniki tena mwambie nesi ukweli kuhusu nani anakaa na mtoto, hawamtafuti mkosaji, wanataka kujua wamshauri nani. Akiharisha tena mwanzishie ORS mapema na uendelee kumnyonyesha, na ukiona macho yamedidimia, mkojo umepungua, damu kwenye choo au amelegea hanyonyi, usisubiri asubuhi.

Na mkubwa wako aliyefinywa. Kasema kweli na akaadhibiwa, lazima imemchanganya. Mikono ya bibi ikishapona, sio kabla, maana kabla ataona ni ujanja tu na mama huyo hadanganyiki kijinga, muombe arudishe ule ukaguzi wake wa zamani kwa mjukuu. Amnuse viganja kabla ya kula. Na mjukuu amnuse vyake, nadhani hilo la mwisho hutahitaji kuliomba, kwa hao wawili ulivyowaeleza litatokea lenyewe.

Anza na ile koki. Ikikushinda hata wewe na vidole vyako vizima, niandikie uniambie.

Anti